Kiabakari: Tunabadili balbu za pikipiki. Tunaona zaidi, au tunapofushana?

Leo naomba niziache kidogo siasa za majukwaani nizungumzie siasa nyingine, ambayo huku kwetu inaua kimya kimya: taa ya pikipiki usiku.

Juzi kati, saa mbili usiku, nilikuwa natoka Makutano kurudi Kiabakari. Nimembeba mama mmoja na mtoto mgongoni. Mbele ikatokea pikipiki ina taa nyeupe pee, zile balbu za LED. Jamani, sikuona kitu. Mstari wa barabara sikuuona, ukingo wa lami sikuuona. Nikaachia mafuta, nikabaki namwomba Mungu. Jamaa alipopita na macho kurudi, nikamkuta mzee na ng'ombe wake wawili wako hatua kama kumi mbele yangu. Nikakanyaga breki, mama akapiga yowe, tukasimama. Mzee akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, hukuniona?"

Sikukuona, babu. Nisamehe.

Nilikuwa tayari kumtukana yule mwenye taa. Tatizo ni moja: hata ya kwangu ilikuwa ni hiyo hiyo. Nilifunga LED mwezi mmoja kabla, nikawa natamba nayo kijiweni. Sijui ni babu wangapi wamefichwa na taa yangu mimi.

Kwa nini tunabadili? Sababu ipo, wala sio ushamba. Pikipiki nyingi za biashara zinakuja na balbu ya halojeni ya volti 12, wati 35 kwa dim na 35 kwa ful. Gari lenye balbu za H4 lina wati 55 kwa dim na 60 kwa ful, halafu lina taa mbili. Yaani ukiwasha dim, wewe una wati 35 na mwenzako ana 110. Barabara ni moja, ng'ombe ni wale wale, na spidi mnakimbizana.

Sasa piga hesabu. Ukiwa kwenye 60 kwa saa, unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka ubongo ushtuke na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwisha: mita 25 zimekwenda. Breki nazo kwenye lami kavu zinataka mita nyingine 20 na ushee. Jumla ni karibu mita 50. Kama taa yako inakuonyesha mita 30, maana yake ukishaona, umeshagonga.

Kwa hiyo kiu ya mwanga ni halali. Nilimfuata fundi mmoja hapa senta nikamwambia, "Kaka, nifungie hata ya gari basi." Akacheka. "Mdogo wangu, unataka kuchoma pikipiki ya watu?"

Akanielewesha. Balbu ya wati 60 inakula ampea 5, wakati ile ya wati 35 haifiki hata 3. Magineti, swichi na nyaya za pikipiki ndogo havikutengenezwa kwa mzigo huo. Soketi inapata moto, plastiki inalainika, rifleta inababuka. Unaanza na mwanga mkali, unamaliza gizani.

LED je? Umeme inakula kidogo, hilo kweli. Lakini rifleta ya taa yako ilipigiwa hesabu ya ule uzi wa halojeni unaowaka sehemu moja maalumu. Vitaa vya LED vikikaa pengine, hata kwa milimita chache, mwanga unatawanyika. Mbele ya tairi panang'aa kama mchana, unajiona mfalme, ila mbali huoni cha maana, na mwanga mwingine unapanda juu kwenye macho ya watu. Tena zipo pikipiki ambazo taa ya mbele inachukua umeme moja kwa moja kwenye magineti bila kupitia betri. Hizo ukizifunga LED ya hovyo itapepesa pepesa, na haichelewi kufa.

Kilichonishangaza ni dawa yake, kwa sababu ni ya bei rahisi mno. Alifungua taa, akafuta vumbi ndani ya kioo. Akasugua kutu kwenye waya wa ethi kwa msasa, akakaza soketi, akaweka balbu mpya ya wati 35 ile ile. Basi! Ndio nikajifunza kuwa volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni unapungua kwa karibu asilimia 30. Waya wenye kutu unakuibia mwanga kila siku, wewe unalaumu balbu.

Kingine ni kulenga. Tunalenga taa pikipiki ikiwa tupu, halafu tunapakia abiria na gunia. Nyuma inazama, taa inaangalia mbinguni. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, abiria akiwa amekaa, washa dim. Kitovu cha mwanga kiwe chini kidogo ya usawa wa taa. Spana moja inatosha.

Sasa turudi kwenye siasa. Tangu kanuni za 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki za abiria, mjadala umekuwa leseni, kofia ngumu na mishikaki. Sawa, ni muhimu. Lakini ukaguzi mwingi tunaoukuta barabarani ni wa mchana, na balbu ni ugonjwa wa usiku. Tajiri naye anauliza hesabu tu. Injini ikigonga atakuja mbio, taa ikififia utaambiwa "jiongeze." Na dereva wa mkataba, akikosa hesabu ya leo, ataanza kufikiria balbu?

Septemba 2014 mabasi yalipogongana Sabasaba, hapa hapa Mara, watu zaidi ya 30 walikufa na nchi nzima ikashtuka. Sisi wa bodaboda tunakufa mmoja mmoja, usiku, na mzee mmoja mmoja na ng'ombe wake. Hakuna kamera inayokuja.

Mimi LED nimeitoa. Nikiona taa ya mwenzangu narudi dim mapema, na usiku sivuki 50. Abiria wengine wananuna. Wanune tu, watafika.

Maoni yangu: vijiwe vyetu vya Kiabakari, Butiama na Bunda vitenge jioni moja kwa mwezi, fundi aje, taa zikaguliwe na kulengwa. Na kwenye mkataba iandikwe wazi kuwa taa ni gharama ya tajiri, kama injini.

Au nakosea? Wenye LED mnaoona mambo yako shwari, semeni. Matajiri wa pikipiki nao wajitokeze, wasijifiche kwa jina la "anonymous." Uwanja ni wenu.

Nawasilisha.