Tuache Kuwashonea Watoto Adhabu

Mijini kumejengeka imani kwamba mtoto akitakiwa kwenda shule amevaa kama daktari, kama Mmaasai au kama simba, vazi hilo lazima linunuliwe, likodiwe au lishonwe na fundi. Likitoka kabatini nyumbani, basi mzazi ni bahili, au hana, au hajali. Imani hiyo ni ya uongo. Mzazi huilipia kwa fedha, mtoto huilipia kwa jasho na vipele.

Tazama Siku ya Utamaduni shuleni inavyokwenda. Tangazo linaingia kwenye kundi la wazazi Jumatatu, sherehe ni Ijumaa. Kufikia Jumanne mafundi cherehani wameshaelemewa, na bei imepanda kwa sababu ya haraka. Ijumaa asubuhi watoto wa chekechea wanashuka kwenye basi ndani ya joto la Dar es Salaam la mwezi Machi, wamevikwa satini ya polyesta iliyobana makwapa, shanga za plastiki zinazokwaruza shingo, na kilemba cha waya kinachodai mkono mmoja ukishikilie muda wote. Anayetaka kwenda msalani anahitaji mwalimu wa kumfungua na mwalimu wa kumfunga. Ikifika saa sita wengi wameshavuliwa, wamebaki na fulana na kaptula, na hapo ndipo sherehe yao inapoanza. Lakini picha zilishapigwa saa mbili, na picha ndizo zilizokuwa zikitafutwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mavazi tunayoyaigiza hayakuwa na mateso hayo hata kidogo. Shuka la Kimaasai ni vazi la mtu anayetembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima. Lina fundo begani, miguu iko huru. Jua likiwaka unalilegeza, baridi ya Ngorongoro ikishuka unajifunika gubigubi. Tena lenyewe ni kitambaa cha kiwandani, kilichochukua nafasi ya ngozi zilizovaliwa zamani, kwa hiyo anayeng'ang'ania kwamba bila seti kamili ya shanga mtoto "hajawa Mmaasai wa asili" angeanza kwa kutuambia asili anayoisema ni ya mwaka gani. Kikoi cha mvuvi wa Lamu kinafungwa kiunoni na kinaruhusu mtu kupanda na kushuka chomboni. Mwanamke anayeingia ngomani hujifunga kibwebwe, kanga iliyokazwa kiunoni, ili acheze bila nguo kumponyoka. Watu hawa walivaa ili wafanye jambo. Sisi tumechukua mavazi yao, tukayashona upya kwa kitambaa kisichopitisha hewa, kisha tunamwambia mtoto asimame wima asije akachana mshono.

Kila aliyepitia somo la fasihi simulizi anakumbuka maleba, yaani mavazi yanayomsaidia msanii kumwakilisha mhusika. Msaada huo hauhitaji mambo mengi. Mtambaji wa hadithi akijitanda upande wa kanga kichwani na kuinamia fimbo, kila aliyeketi mbele yake ameshamwona bibi kizee. Hakuna anayedai cheti cha kuzaliwa. Alama moja iliyo wazi inatosha, kwa sababu kazi iliyobaki inafanywa na sauti, mwendo na macho ya mtazamaji. Ukiongeza alama ya pili na ya tatu humsaidii mhusika aonekane, unamzika.

Kwa hiyo tuzungumzie vitu vilivyomo nyumbani. Doti moja ya kanga ni vipande viwili vya pamba, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na ushei. Kipande kimoja, kikipitishwa kwapani na ncha zake kufungwa nyuma ya shingo, ni gauni la mtoto lisilohitaji pini. Kikifungwa kiunoni ni vazi la mkulima, la mvuvi, la mama lishe mwenye sufuria ya kuazima. Kikining'inia mgongoni ni mbawa za kipepeo au joho la mfalme. (Fundo daima ni bora kuliko pini, na kwa mtoto mdogo fundo la shingoni liwe la kulegea, linaloachia likivutwa.) Shati jeupe la baba, mikono ikikunjwa, ni koti la daktari. Shati jeupe la shule na mistari minne ya karatasi kila bega ni rubani mkuu. Dera jeusi la mama likifupishwa kwa mkanda, pamoja na vipande viwili vya karatasi nyeupe shingoni, ni wakili wa Mahakama Kuu. Simba naye anataka fulana ya njano na masikio ya boksi yaliyogundishwa kwenye kofia. Mwacheni uso wazi apumue, kwani simba anayengurumia ndani ya barakoa hasikiki.

Najua jibu litakalokuja: mtoto atachekwa. Ni hofu ya kweli na siidharau. Lakini watoto wa miaka mitano hawazaliwi wakijua kupima bei ya nguo ya mwenzao. Wanajifunza shuleni, siku ile mwalimu anapompa zawadi "aliyependeza zaidi", na aliyependeza zaidi siku zote huwa yule ambaye wazazi wake walitumia zaidi. Mtoto wa fulana ya njano, aliyenguruma hadi wenzake wakakimbia, anaambulia makofi ya huruma.

Wapo pia watakaosema kushindana kwa mavazi ni jadi yetu ya pwani. Ni kweli. Mombasa ya karne iliyopita ilikuwa na vyama vya ngoma ya wanawake ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana vikali kwa mavazi, karamu na maandamano, na gharama zake zilikuwa nzito. Lakini wale walikuwa wanawake wazima, walioingia mashindanoni kwa hiari yao, wakitafuta heshima ya vyama vyao. Mtoto wa chekechea hakujiunga na chama chochote. Na kama tunatafuta jadi, ipo nyingine: wanaume wanaochapana kwa mapande ya migomba Makunduchi, Zanzibar, siku ya sherehe ya Mwaka Kogwa huibuka wamevaa walichokipata nyumbani, koti kuukuu, sweta, hata kofia ya pikipiki, na sherehe haipungui utamu.

Kuhusu fundi cherehani kukosa riziki, sina wasiwasi naye. Fundi huyo huyo angeshona gauni la Iddi au la Krismasi litakalovaliwa miaka miwili kisha kurithiwa na mdogo mtu, badala ya kukesha akishona kitu cha kuvaliwa kwa saa nne tu.

Liko jambo la hatari pia. Uingereza, mavazi ya namna hii kwa watoto huhesabiwa kisheria kuwa vitu vya kuchezea, na mwaka 2014, baada ya binti wa mtangazaji maarufu wa televisheni kuungua vibaya vazi lake la Halloween liliposhika moto wa mshumaa, wazazi wengi walishtuka kugundua kwamba vipimo vya moto vya mavazi hayo si vile vya nguo za kawaida za kulalia. Polyesta ikiungua huyeyuka na kugandia ngozi. Pamba nayo hushika moto, kwa hiyo hakuna kitambaa cha kusogezwa karibu na keki ya mishumaa au koroboi, hata kanga yenyewe.

Walimu wakuu, imani hii mnaweza kuivunja ninyi kwa tangazo moja. Andikeni kwamba vazi litoke nyumbani, lisishonwe wala kukodiwa, na mtoto aweze kukimbia, kuketi chini na kwenda msalani peke yake akiwa amelivaa. Zawadi ya kupendeza ifuteni, mpeni aliyeigiza. Na wewe mzazi mwenzangu, tangazo likiingia tena, fungua kabati kabla hujampigia fundi, na mwache mtoto achague mwenyewe.