Ndege Iliyong'arishwa na Kisiwa cha Saanane



Asimamaye Capri Point na kulitazama ziwa hukiona mbele yake kisiwa kidogo cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Vijana huvuka kwenda huko kutazama wanyama, pengine bila kujua yaliyotukia tarehe 29 Machi 1979, wakati wa Vita vya Kagera. Siku hiyo ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwani. Mfanyakazi mmoja wa hifadhi alijeruhiwa. Wanyama kadhaa wakafa.

Leo ndege ya aina hiyohiyo yaweza kutazamwa kwa utulivu kabisa. Katika makumbusho ya jeshi la anga huko Monino, karibu na Moscow, imewekwa Tu-22, injini zake mbili zikiwa juu, ubavuni mwa mkia. Pengi duniani wako mafundi wanaozikarabati ndege za vita zilizostaafu: huondoa kutu, huziba matundu, huunda upya vipuri visivyouzwa tena, kisha huzipaka rangi ileile ya zamani. Ni kazi ya subira, nami siidharau. Taifa lisilotunza vyombo vyake hupoteza ushahidi wa mambo liliyoyatenda.

Lakini ndege ikishang'arishwa, huonyesha nini? Huonyesha ustadi wa walioiunda na ushujaa wa walioirusha. Haiwaonyeshi waliokuwa chini yake. Wamarekani walikabiliwa na swali hili walipoikarabati Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kazi hiyo ilichukua takriban saa 300,000 za mafundi. Makumbusho ya Smithsonian yalipokusudia kueleza pia mateso ya waliopigwa na bomu lile, askari wastaafu na wanasiasa walipinga vikali. Januari 1995 mpango ukafutwa, na mwaka huohuo sehemu ya mbele ya ndege ikaonyeshwa bila maonyesho hayo.

Kwa maoni yangu, lile lilikuwa kosa. Kumkumbuka rubani hakumlazimu mtu kumsahau aliyeuawa.

Nasi tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Siku chache baada ya Saanane, ndege zetu za MiG-21 zilishambulia Kampala na Jinja. Tulikuwa tumevamiwa, na tulikuwa na haki ya kujilinda. Hata hivyo waliokuwa chini ya mabomu yetu walikuwa jirani zetu, wanywao maji ya ziwa hilihili.

Basi, iwapo siku moja nchi yetu itaikarabati ndege ya vita vile na kuiweka mbele ya watu, ningependa kando yake pawepo habari za Saanane, na za Kampala na Jinja pia. Lakini hatuna haja ya kuingoja siku hiyo. Wazee waliokuwa Mwanza mwaka ule bado wako miongoni mwetu. Juma hili mwendee mmoja wao, umwulize alikuwa wapi aliposikia mshindo, na alimshika mkono nani. Kumbukumbu ya namna hiyo haihitaji rangi wala karakana. Yahitaji msikilizaji tu, nayo hutoweka upesi kuliko chuma.

Nawatakieni juma jema.