Aliyemwondoa Mama Ndiye Aulizwe

Imekuwa ada kwa wasomaji wengi, na hata kwa baadhi ya walimu wa fasihi, kwamba wakutanapo kitabuni na nyumba isiyo na mama, au na mtoto aliyepotea, huharakisha kuuliza mama alikuwa wapi, kisha wakahukumu kuwa msiba wote uliofuata ni taksiri yake. Hukumu hiyo ni dhulma, na vitabu vyenyewe vyaikanusha.

Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, Bi Tamima hakuondoka kwa hiari: Bwana Maksuudi, aliyewatawisha ndani yeye na binti yao Maimuna, ndiye aliyempa talaka kwenye taabu ya uzazi, kwa kuwa ameitwa mkunga ambaye bwana hakumridhia. Maimuna alipotoroka na kuangukia ukahaba, twaambiwa kakosa malezi ya mama. Walakini mama alikuwa naye utoto wake wote, na kilichomponza binti ni kufungiwa asiijue dunia, hata alipoiingia hakuwa na silaha ya kujihami.

Kadhalika katika The Winter's Tale, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa London mwaka 1611, Mfalme Leontes, kwa wivu usio na ushahidi, alimtia gerezani mkewe Hermione ilhali ni mja mzito, akaamuru kichanga kilichozaliwa humo kikatupwe nchi ya mbali. Na Mamillius, mwana wao wa kiume, akafa kwa huzuni mama angali barazani akihukumiwa. Perdita, huyo aliyetupwa, alilelewa na mchungaji kwa miaka 16 akakua na adabu na staha. Kilichoangamia ni kasri alikobaki baba. Lau kukosekana kwa mama pekee kungekuwa ndiyo sumu, Perdita angalikuwa wa kwanza kudhurika. Na siku Hermione alipokutana tena na mumewe na Perdita, alimkumbatia mumewe, lakini maneno yake aliyaelekeza kwa binti, wala Mamillius hakufufuka.

Hivyo basi, mama asiyekuwapo katika hadithi aghalabu ni mdhulumiwa wa kwanza, si mkosaji wa kwanza, na kumlaumu ni kumsaidia aliyemdhulumu kuficha mkono wake. Ewe msomaji mwenye insafu, ukifungua kitabu ukaikuta nafasi ya mama i tupu, usimwulize alikuwa wapi. Muulize aliyemwondoa kwa nini alimwondoa, nawe usimsamehe mpaka ajibu.