Addis ina kila kitu, kasoro uwanja

Novemba 16, 2024 Taifa Stars ilikwenda 'ugenini' kwa Ethiopia na kushinda 2-0. Hizo alama nimeziweka makusudi. Mechi haikupigwa Addis Ababa, ilipigwa Kinshasa, DR Congo. Mwenyeji naye alikuwa mgeni.

Sasa hebu tuiangalie Addis yenyewe. Makao makuu ya Umoja wa Afrika yako pale. Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika iko pale. Ndege za Ethiopian zinaruka karibu kila kona ya dunia, na ukitaka kwenda Afrika Magharibi kutokea Dar, kuna uwezekano mkubwa ukalala usingizi wa kukaa kwenye kiti pale Bole. Mji mkuu uliounganishwa na dunia ndio huo.

Lakini kwa miaka kadhaa mashabiki wake waliitazama timu yao ya taifa kwenye runinga, kwa sababu viwanja vya nchi hiyo havikukidhi vigezo vya CAF. Juni 2022 Ethiopia iliichapa Misri 2-0. Ushindi mtamu kama huo ukashangiliwa Lilongwe, Malawi! Na hawa ni miongoni mwa waasisi wa CAF mwaka 1957, waliobeba Kombe la Afrika 1962 wakiwa kwao.

Hapo ndipo ninapopishana na wanaopima ukubwa wa mji mkuu kwa ndege na balozi. Hivyo vinaufanya mji upitiwe. Ili watu waufikie na kubaki, lazima kuwe na kitu cha kuwaleta.

Kigali wamelielewa hilo. Ni mji mdogo tu, ila Machi 2023 ulipokea Mkutano Mkuu wa FIFA, Julai 2024 ukafungua upya Uwanja wa Amahoro wa watu 45,000, na Septemba 2025 ukaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika.

Sisi je? Tusiwacheke Waethiopia. Machi 2025 CAF iliufungia kwa muda Uwanja wa Benjamin Mkapa kutokana na hali ya eneo la kuchezea. Mei, fainali ya Simba na RS Berkane ikahamishiwa Amaan, Zanzibar. Kutoka uwanja wa watu 60,000 hadi wa watu 15,000 hivi! Sisemi Simba wangebeba kombe kwa Mkapa. Nasema maelfu ya watu walioisubiri fainali ile walibaki nje, na Berkane hawakukutana na kelele walizostahili.

AFCON 2027 tumepewa pamoja na Kenya na Uganda. Treni ya SGR tunayo, leo mtu anatoka makao makuu Dodoma na kufika Dar kabla mechi haijaanza. Safi kabisa. Viwanja vipya navyo safi.

Ila uwanja haufi siku ya kuzinduliwa. Unakufa kidogo kidogo, mvua moja baada ya nyingine, mechi juu ya mechi, huku fungu la kutunza nyasi likiwa la mwisho kukumbukwa. Wenye mamlaka watuambie mapema: baada ya fainali ya 2027, nani atamwagilia?