Waliobaki Ardhini

Mwishoni mwa Novemba 1967, kundi la wafanyakazi wa kituo cha NASA cha utafiti wa ndege kule Edwards, California, lilikwenda jangwani kutafuta kitu kidogo: kasha la filamu. Msako rasmi ulikuwa umekwishapita ukalikosa. Filamu hiyo ilikuwa imepigwa ndani ya chumba cha rubani, nayo ilionyesha vipimo vya ndege kama Meja Michael Adams alivyovitazama katika dakika za mwisho za uhai wake, tarehe 15 ya mwezi huo. Walitembea, wakatafuta, na mmoja wao akaliona.

Ndege aliyofia Adams iliitwa X-15. Haikupaa kutoka uwanjani kama ndege nyingine. Ilibebwa chini ya bawa la ndege kubwa ya B-52 hadi kimo cha kilomita 13 na zaidi, ikaachiwa, kisha roketi yake iliyotumia amonia na oksijeni ya kimiminika ikawashwa. Mafuta yakiisha, rubani aliielea bila injini mpaka chini, akatua kwenye ziwa lililokauka. Kati ya Juni 1959 na Oktoba 1968, ndege tatu za aina hiyo ziliruka mara 199 mikononi mwa marubani 12. Joe Walker aliifikisha kilomita 108 juu ya ardhi mwaka 1963. Pete Knight aliifikisha kasi ya kilomita 7,274 kwa saa mwaka 1967. Neil Armstrong, ambaye baadaye alikanyaga mwezi, aliirusha mara saba.

Sifa zimewaendea hao 12, na kwa haki. Hata hivyo, anayefanya kazi ya tiba, au anayelala kitandani akiitegemea kazi hiyo, ana jambo kubwa zaidi la kujifunza kwa watu ambao hawakuruka kabisa.

Mfano ni mafundi wa vazi. Juu kiasi kile hewa ni kama haipo, na shinikizo likipotea ghafla, maji ya mwilini huanza kuchemka kwa joto lilelile la mwili. Chumba cha rubani cha X-15 kilijazwa naitrojeni, ambayo haimfai mtu kwa kupumua. Oksijeni aliipata ndani ya kofia yake tu. Kwa hiyo vazi lilikuwa ndilo uhai wenyewe. Aliyelishona ni David Clark wa Worcester, Massachusetts, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitengeneza nguo za ndani za kufumwa. Jambo hili huwachekesha watu, lakini si la kuchekwa. Tatizo gumu la vazi la namna hiyo ni kwamba likijaa hewa hukakamaa, na aliyelivaa hawezi kukunja kiwiko wala kushika usukani. Nani angelielewa hilo kuliko mtu aliyezitumia siku zake kuufanya uzi ubane na papo hapo unyooke pamoja na mwili? Scott Crossfield, rubani wa kwanza wa X-15, alishirikiana na mafundi hao kwa karibu, akilijaribu vazi juu ya mwili wake mwenyewe. Hospitali nyingi hununua vifaa bila hata kumwita muuguzi atakayevishika.

Walikuwapo pia madaktari wa marubani, ambao walibandika vihisio vifuani mwa watu hao na kuyasoma mapigo ya moyo yaliyotumwa ardhini kwa redio. Walichokiona kiliwashtua. Rubani wa majaribio ambaye moyo wake, katika ndege nyingine, ulipiga mara 70 au 80 kwa dakika, ndani ya X-15 ulipiga kati ya 145 na 180. Dhana ya kwanza ya mtu yeyote ingekuwa kwamba moyo unalemewa na kasi, au na uzito unaougandamiza mwili roketi inaposukuma. Watafiti walipochunguza zaidi walihitimisha vingine: kilichoukimbiza moyo zaidi ni kusubiri. Kabla ndege haijaachiwa, mtu akiwa ameketi kimya chini ya bawa, moyo ulikuwa umeshaanza mbio.

Wagonjwa wasipitwe na habari hiyo. Mtu aliyeamka alfajiri, akapanga foleni saa tatu, kisha akaitwa jina kwa sauti kuu na kufungwa mkanda wa kupima shinikizo la damu papo hapo, hupimwa pia ule wasiwasi wake wa kusubiri. Ndiyo maana mwongozo wa kupima unadai mgonjwa apumzike walau dakika tano, aketi ameegemea, mkono utulie usawa wa moyo, na kipimo kirudiwe, tena ikiwezekana siku nyingine, kabla ya kumwambia mtu kwamba ana maradhi ya maisha. Dakika tano hizo ndizo za kwanza kukatwa zahanati inapojaa. Anayezikata hujiona anaokoa muda, kumbe huenda anampa mtu mzima vidonge asivyovihitaji, au anamtia hofu itakayomzuia kurudi. Na mgonjwa ambaye moyo wake unamwenda mbio kabla ya upasuaji asione haya. Watu walioteuliwa miongoni mwa marubani hodari wa Marekani walikuwa hivyo hivyo.

Tarehe 9 Novemba 1962, Jack McKay alipaa kutoka eneo la Mud Lake, Nevada. Injini ilikwama kwenye asilimia 30 ya nguvu zake, akalazimika kuizima na kutua palepale chini yake, kwenye ziwa kavu. Vibawa vya kupunguza mwendo havikufunguka, ndege ikagusa ardhi kwa kasi iliyopita kiasi, mguu mmoja ukavunjika, ikabiringika na kulala chali. McKay alikuwa ndani, kichwa chini, na mvuke wa amonia ukasambaa. Amonia huunguza macho na mapafu, hivyo waokoaji hawakuweza kumkaribia. Rubani wa helikopta aliisogeza helikopta yake, akaisimamisha hewani karibu na mabaki ili upepo wa panga zake uufukuze mvuke, nao wakaingia, wakachimba, wakamtoa.

Watu hao hawakutokea kwa bahati. Kila X-15 iliporuka, maziwa kavu yaliyokuwa njiani yaliwekwa watu wa zimamoto na uokoaji, na safari baada ya safari wengi wao walikaa juani wakarudi nyumbani bila kufanya lolote. Mhasibu angeweza kuuita huo upotevu wa fedha. Hoja ya namna hiyo husikika pia linapotajwa gari la wagonjwa lililoegeshwa kituo cha afya likiwa na mafuta na dereva, au jokofu la damu ambayo wiki hii haikuhitajika. McKay alivunjika pingili za uti wa mgongo, akapona, akarudi kuruka X-15. Ndege ile ile ilijengwa upya, na ndiyo iliyoweka rekodi ya kasi mwaka 1967. Lakini majeraha hayakumwacha; alifariki mwaka 1975, na kifo chake kilihusishwa na ajali hiyo.

Turudi kwenye lile kasha la filamu. Adams alikuwa na umri wa miaka 37, akiirusha X-15 kwa mara ya saba. Wakati wa kupanda, hitilafu ya umeme iliyotoka kwenye kifaa cha jaribio iliyumbisha mifumo ya ndege. Pua ikaanza kukengeuka kando pole pole. Mbele yake kulikuwa na kipimo chenye kazi mbili: sindano ile ile, kwa kugeuza swichi, iliweza kuonyesha ama ndege imekengeuka kando kiasi gani, ama imelala ubavu kiasi gani. Bodi ya uchunguzi iliona kwamba Adams aliisoma sindano kwa maana isiyo yake, na kwamba huenda kizunguzungu kilimpata. Kwa hiyo kila alipojaribu kuinyoosha ndege alizidi kuipotosha, hadi ikaingia katika mzunguko kwa mwendo wa mara tano ya sauti. Aliutoka mzunguko huo, lakini ndege ilikuwa inashuka kwa mtikiso uliokithiri, ikasambaratika.

Hapa palikuwa na njia rahisi. Rubani alikosea kusoma kipimo, amekufa, faili lifungwe. Bodi haikuficha kosa lake, lakini haikuishia hapo. Mapendekezo yake mawili ndiyo ya kutazamwa. La kwanza lilitaka marubani wanaotarajiwa kuirusha X-15 wachunguzwe na madaktari kuhusu wepesi wa kupatwa na kizunguzungu kitokacho sikio la ndani. La pili lilitaka chumba cha uongozi ardhini kiwekwe kipimo cha mwelekeo wa ndege, mahali mwongozaji atakapokiona. Kwani siku ile hakikuwapo! Chumba kizima cha watu mahiri kilizungumza na Adams wakati ndege yake inageuka upande, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuuona mgeuko huo.

Pendekezo la pili ni zito kuliko la kwanza. La kwanza linatafuta mtu asiyekosea. La pili linakubali kwamba kila mtu atakosea siku moja, na linauliza ni nani mwingine angeliona kosa mapema.

Katika wodi, mgonjwa anapofariki ghafla usiku, swali linalosikika kwanza ni: nani alikuwa zamu? Muuguzi aliyekuwa peke yake na wagonjwa wengi hujua jibu linakoelekea, hivyo hujifunza kuandika machache na kusema machache zaidi. Kama chupa mbili za dawa tofauti zina kizibo cha rangi moja na zimewekwa rafu moja, kumwadhibu aliyezichanganya hakuziondoi pale rafuni. Zitamsubiri wa zamu ijayo.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hivi ni kuwalea wazembe. Wasiwasi huo una msingi: anayekuja kazini amelewa, au anayedai fedha kabla ya kumhudumia mjamzito, hahitaji bodi ya kuchunguza vipimo, anahitaji nidhamu. Lakini hao wasitumiwe kumhukumu kila aliyekosea. Tanzania yenyewe ina ushahidi wa karibu. Hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, orodha iliyoiga desturi ya marubani. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote nane pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuletwa daktari bingwa mpya. Watu wale wale walisimama kidogo, wakatajiana majina, wakaulizana kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe na kama upande ni huu.

Kituo chochote kinachofanya mapitio ya vifo kinaweza kuanza mwezi huu na swali ambalo wale wa jangwani walilitembelea kwa miguu: saa ile, kutoka pale alipokuwa amesimama, mhudumu huyu alikuwa anaona nini? Aulizwe mwenyewe, na ajibu akiwa ameketi mezani pamoja na wenzake, huku barua ya kujieleza ikiwa bado haijaandikwa.