Kampuni ya teknolojia: tuwe wangapi, na bosi awe wa aina gani?

Wadau, hapa Manyamanyama ukikaa na vijana wanaotaka kufungua kampuni ya teknolojia, swali la kwanza ni "tuko wangapi?" La pili, "nani mkurugenzi?" Kazi yenyewe inakuja mwisho kabisa. Mimi naona tunaanzia mkiani.

Cheki majirani zetu Wakenya. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba watu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengineo. Ofisi hawana, wengine wako Marekani. Ndani ya siku chache tu Ushahidi ikawa hewani, wananchi wanatuma taarifa kwa meseji. Hakukuwa na bosi wa kusubiriwa asaini. Na mwishoni mwa 2010 Ory alipoondoka kwenda Google, kazi iliendelea. Uongozi ndio huo jamani.

Haya, geuza upande wa pili. Copia, ya Kenya hiyohiyo, ilianza 2013 ikiwauzia watu wa vijijini bidhaa za nyumbani kupitia mawakala. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kuishiwa fedha, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakakalia kuti kavu. Walikuwa wengi mno? Tusikurupuke. Ushahidi ilisafirisha taarifa, Copia ilisafirisha unga na sukari. Unga hauendi kijijini kwa meseji, unataka dereva, gari na stoo. Ila gharama hizo zilitegemea sana fedha za wawekezaji, na fedha mpya zilipokosekana, ndo basi tena.

Kwa hiyo kazi ndiyo inapanga idadi, siyo sifa. WhatsApp iliponunuliwa na Facebook 2014 kwa dola bilioni 19 ilikuwa na wafanyakazi 55 hivi na watumiaji milioni 450.

Piga hesabu mwenyewe. Watu 4 wana njia 6 za kuongea wawili wawili. Wakiwa 10 zinakuwa 45. Wakiwa 50, zinafika 1,225! Ndo maana Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye programu iliyochelewa, unaichelewesha zaidi.

Lakini udogo peke yake si dawa. Tunazijua ofisi za watu sita ambazo bosi ni mungu-mtu: nywila anazo yeye, wateja anawajua yeye, hata vocha mpaka aidhinishe yeye. Akisafiri, wote mnapiga soga. Hiyo siyo timu, ni foleni.

Kabla hamjachapisha kadi za biashara, jiulizeni: mkurugenzi wetu akiugua wiki mbili, mteja atahudumiwa? Kama jibu ni hapana, msiajiri wa saba. Gawaneni kwanza madaraka.

Nawakilisha. Mnasemaje wadau?