Msimsingizie Mungu

Jumapili iliyopita hapa Bura, mhubiri mgeni alisimama kuwafariji wazazi waliompoteza binti yao, muuguzi kijana, akarudia maneno tunayoyasikia kwenye kila matanga: kazi ya Mungu haina makosa. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na hasira bado ninayo. Binti yule alitokwa na damu usiku, baada ya kujifungua, na ambulensi ya kumpeleka Garissa ilikuwa imeegeshwa uani bila mafuta. Kuna mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha gari lile lina dizeli. Ana cheo, ana mshahara, na siku ya mazishi aliketi safu ya mbele chini ya hema. Hiyo ilikuwa kazi ya Mungu, au ilikuwa kazi yake yeye?

Swali langu ni hilo moja: nani alifanya? Sisi Wakristo tumezoea kumtwisha Mungu madhambi ya watu, kisha tunaita hiyo ibada. Dereva akilewa na kuua abiria, siku zao zilikuwa zimefika. Boti ikizama pale Kona Punda, Madogo, kama ilivyozama Aprili 2024, tunasema Mungu aliwapenda zaidi, wala hatuulizi kwa nini watu walikuwa wakivushwa kwa boti kwenye barabara kuu ya Garissa, barabara ile ile ambayo mafuriko yalikuwa yameikata Novemba iliyotangulia. Hata ng'ambo ya Tana, kwenye mradi wa umwagiliaji, mashamba yalipokauka wakulima waliambiwa wavumilie mapenzi ya Mungu. Pampu zile ziliwekwa ziwe za muda tu, zikaachwa zitumike miaka na miaka. Nani aliziacha?

Lakini mahali ambapo maneno haya yaliniumiza kuliko pote ni Garissa, Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Watu wanne wenye bunduki waliingia chuo kikuu alfajiri. Wanafunzi wa umoja wa Wakristo walikuwa wameamka kuomba, wakauawa wakiwa katika maombi yao. Wengine waliulizwa dini zao kwanza. Watu 148 walikufa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Siku chache kabla, onyo kwamba vyuo vikuu vingeweza kushambuliwa lilikuwa limeshatolewa. Kutoka Nairobi hadi Garissa kwa ndege haichukui hata saa moja, lakini kikosi maalumu cha polisi, Recce, kiliingia mabwenini siku ikiwa imekwisha, na kilipoingia mapambano hayakuchukua muda. Mmoja wa wauaji alikuwa Abdirahim Abdullahi, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Kijana huyo alichagua. Aliyepuuza onyo alichagua. Aliyechelewesha ndege alichagua. Halafu wazazi wakasimama Nairobi wakisubiri kutambua miili, na watumishi wa Mungu wakawaambia ulikuwa mpango wa Bwana. Mpango gani? Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asomee ualimu, unamwambia Mungu ndiye aliyekusudia risasi ile?

Wanaopenda kumtaja Ayubu huishia sura ya kwanza, pale anapolisifu jina la Mungu baada ya kupoteza watoto. Wangefungua sura ya tatu wangemkuta akiilaani siku aliyozaliwa. Na wangefika sura ya mwisho wangeona kwamba waliokemewa na Mungu ni wale marafiki waliokuja na maelezo mazuri ya kwa nini mwenzao anateseka. Yesu naye, akielekea kaburini kwa Lazaro, alilia. Hakuwaambia Martha na Mariamu kwamba kaka yao alihitajika mbinguni.

Kuna dhuluma nyingine ya namna hiyo hiyo, nayo huitwa wito. Daktari akidai mshahara, anaambiwa kazi yake ni wito. Dkt. Stephen Mogusu alifariki kwa korona Desemba 2020, akiwa na miaka 28, baada ya kuhudumia wagonjwa miezi kadhaa bila kulipwa. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ni kwamba serikali ilitaka kuwapa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya 206,000 walizoahidiwa katika mkataba wa 2017. Watu wakauliza kama hawana wito. Wito wa kufa njaa hautoki kwa Mungu, unatoka kwa mwajiri.

Mnataka kuona wito? Mtazameni Annalena Tonelli. Alifika Kenya 1969 kutoka Italia, akaishi Wajir kati ya Wasomali wafugaji, Mkristo asiye mtawa. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakiacha dawa njiani kwa sababu matibabu yalikuwa marefu na wao ni watu wa kuhama. Hakuwaambia ni mapenzi ya Mungu. Kuanzia 1976 aliwaweka kwenye vibanda vyao karibu na hospitali, wakimeza dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita, wakapona. Februari 1984 wanajeshi walipowaua Wasomali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikwenda kuwasaidia majeruhi na kukusanya miili, akahakikisha habari zinawafikia watu wa nje. Wakati ule serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli baadaye ikasema walikaribia elfu moja. Alifukuzwa nchini, akaendelea na kazi ile ile Somalia, na tarehe 5 Oktoba 2003 akapigwa risasi Borama, kwenye hospitali aliyoianzisha. Mateso aliyachagua mwenyewe kwa ajili ya wengine. Hakumwekea mtu mwingine mateso kisha akamhubiria uvumilivu.

Nilipouliza habari ya dizeli baada ya ibada ile ya Jumapili, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando. "Mwalimu," akaniambia, "kuuliza maswali kwenye msiba ni kukufuru." Kuuliza dizeli iko wapi ni kufuru! Yaani Mungu aliyeumba mbingu na nchi atakasirika kitabu cha mafuta kikifunguliwa? Akaongeza kwamba matanga si mahali pa siasa, tungoje watu wamalize kulia. Tungoje mpaka lini? Wiki hii hema limekunjwa, wageni wameondoka, na ambulensi bado iko pale uani. Nilikwenda kuitazama jana. Mshale wa mafuta ulikuwa chini kabisa, na katika wodi ya wazazi kulikuwa na kina mama wawili.